Mstari Unapanda au Unashuka?

Mgambo alifika kibandani kwangu saa moja na nusu asubuhi, Mwanjelwa yetu ya Mbeya ikiwa bado imejifunika ukungu na mimi sijaondoa hata turubai juu ya cherehani. Ni mzee wa umri wa baba yangu, kwa hiyo shikamoo ilinitoka kabla sijaangalia amebeba nini.

"Marahaba, fundi. Nimekuletea wagonjwa."

Akafungua kiroba. Zikatoka bendera za taifa nane, mpya, zimekunjwa vizuri, bado zina harufu ya dukani. Zilikuwa zimenunuliwa kupamba njia utakapopita Mwenge. Nikazigeuza moja moja nikitafuta palipochanika. Hapakuwa na kitu. Kijani kipo, nyeusi ipo, njano ipo, bluu ipo.

"Mbona ziko salama, mzee?"

Hakunijibu. Alichukua moja akaibana kwenye nondo ya dirisha, akarudi nyuma hatua mbili, akanyoosha kidole. "Mstari unapanda au unashuka?"

Ulikuwa unashuka.

Kwa aliyesahau somo la uraia: ukianzia kwenye mlingoti, mstari mweusi wa bendera yetu huanza chini na kupanda kuelekea juu, kule kunakopepea. Kijani hukaa juu, jirani na mlingoti. Bluu hukaa chini, mbali. Aliyezishona hizi nane aliweka pindo la kupitishia kamba upande wa bluu. Ukizipandisha, bluu ndiyo inayokumbatia mlingoti, kijani kinatupwa nje, na mstari unaporomoka kama mtu anayeteremka Mlima Nyoka na breki zimekata.

Mzee huyu amekuwa akipandisha bendera ya ofisi fulani saa kumi na mbili asubuhi na kuishusha saa kumi na mbili jioni kwa miaka ambayo mwenyewe ameacha kuihesabu. Wanaoishi karibu na boma au kituo cha polisi wanaijua ile filimbi: ikilia, msukuma mkokoteni anasimama, dereva wa bajaji anasimama, hata mtoto aliyetumwa chumvi anasimama na hela yake kiganjani. Ofisini walizipokea bendera nane, wakazihesabu, wakasaini karatasi ya mapokezi. Aliyeona kosa ni yule anayevuta kamba.

Tulikubaliana shilingi 2,000 kwa kila moja, kufumua na kushona upya. Elfu kumi na sita, italipwa Ijumaa. (Ijumaa ya ofisi, si ya kalenda. Mafundi wenzangu mnanielewa.)

Ukitaka kujua kitu kimetengenezwaje, kifumue. Zile bendera hazikuwa na vipande vinne vya kitambaa vilivyoungwa. Lilikuwa pande moja la polista nyepesi lililopigwa rangi upande mmoja, ikapenya hadi nyuma, ndiyo maana nyuma njano ilikuwa kama chai ya maziwa. Kingo hazikukunjwa, zilikatwa kwa moto ili nyuzi zigandane. Kwa chumba cha mikutano inatosha. Kwa upepo wa hapa, hasa ile miezi ya Julai na Agosti unapoteremka kutoka Mlima Loleza na kukausha hata midomo, kingo ya namna hiyo ikipata ufa mmoja kwenye ncha haina wiki mbili. Itakuwa nyuzinyuzi. Ndani ya pindo kulikuwa na kilebo kidogo chenye herufi ambazo si mimi wala mzee tungeweza kuzisoma.

Jioni nilipiga picha moja nikaiweka kwenye kundi letu la mafundi. Moto ukawaka. Aibu gani hii, taifa la watu zaidi ya milioni sitini linashonewa bendera na watu wasiojua hata mstari unaelekea wapi! Mmoja akasema zichomwe. Mwingine akaanza habari za wazalendo na wasaliti. Na mimi, nisijitoe, niliandika maneno makali ambayo asubuhi yake niliyafuta.

Niliyafuta kwa sababu ya kitambaa kilichokuwa mezani kwangu. Mteja alikuwa ameleta mita tano za marekani nimshonee shuka.

Marekani ndicho kitambaa cha kwanza nilichowahi kushona. Baba, aliyekuwa na cherehani ya miguu barazani kwa Mhindi mmoja pale Uhindini, alinipa vipande vya marekani nijifunze kunyoosha mshono, kwa sababu ni pamba tupu, haitelezi, na haina bei. Nilikuwa darasa la tano. Sikujiuliza jina lilitoka wapi, kama ambavyo mtu hajiulizi kwa nini meza inaitwa meza. Limetoka huko huko Marekani. Katika karne ya 19, meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Unguja majora ya pamba isiyopaushwa na kurudi na pembe za ndovu, karafuu na gundi ya msandarusi. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said akaingia mkataba wa biashara na nchi hiyo. Misafara ikakibeba kitambaa hicho hadi bara, kikawa nguo, kikawa hongo ya kupita kwenye nchi za watu, kikawa fedha. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Jina likabaki.

Sasa sikiliza kichekesho. Nchi iliyotuachia jina lake kwenye jora, mwaka 2024 imepitisha sheria kwamba bendera zake zinazonunuliwa na serikali kuu zishonwe nchini mwao kwa malighafi ya nchini mwao, kuanzia uzi hadi pindo. Kwa nini? Kwa sababu bendera zao nyingi za kutoka nje zilikuwa zinatoka China. Kumbe hata waliotufundisha kuvaa pamba yao wameamka wakakuta nyota zao zinashonwa kwa jirani.

Kwa hiyo swali si la kwetu peke yetu, na si la ushamba wetu. Nikaamua kulipigia hesabu kifundi.

Nilizunguka maduka ya vitambaa ya hapa mjini na futi kamba shingoni kama kawaida, naulizia kijani, nyeusi, njano na bluu ya bendera. Nyeusi haina shida, misiba haiishi. Kijani kipo, ila ni kijani cha sare za shule, kimekolea mno. Njano nilipata ya satini inayong'aa kama ya harusi ya Jumamosi. Bluu nilipata mbili, moja ya anga, moja ya wino, na iliyotakiwa iko katikati yake. Bendera yenye uwiano wa 2 kwa 3, urefu wa mita moja na nusu, ilinigharimu kitambaa cha 14,000, uzi 1,500, kamba na utepe mgumu wa pindo 2,000. Mkono wangu nikauweka 9,000, na hapo nimejionea huruma kidogo. Jumla 26,500. Zile za mzee zilinunuliwa 7,000 kila moja.

Hiyo 9,000 si anasa. Bendera yetu ni ngumu kushona. Mkenya na Mganda wana mistari ya kulala: unakata, unaunganisha, unapiga pasi, unaita mtu wa kulipa. Hata bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa hivyo, kijani juu na chini, nyeusi katikati yenye kingo za dhahabu. Ndipo mwaka 1964 tukaungana, bluu ya Zanzibar ikaingia, na mstari ukalazwa mshazari kutoka kona hadi kona. Kwa macho ni jambo zuri kweli. Kwa fundi, mshazari ni adui wa zamani. Kitambaa kikikatwa hivyo kinavutika, ukiunganisha bila kukishikiza kwanza kwa mkono, mshono unakunjamana, na bendera inajikunja kona kama sikio la mbwa. Yangu ya kwanza ilijikunja. Nikafumua. Ya pili nikaushona mstari mweusi na kingo zake juu ya kijani na bluu badala ya kuviunga ubavu kwa ubavu, ikatulia. Saa tatu na nusu, mbili kati yake za kufumua.

Basi nikaining'iniza pale pale kwenye nondo. Mstari unapanda. Nikajiona nimelitendea taifa jambo. Halafu nikaanza kusoma lebo za majora. Kitambaa kimetoka nje. Uzi, nje. Sindano, nje. Cherehani ya baba, ambayo imeshatuzika watu wawili, nje. Mkasi, nje. Kama ningebandika "Imetengenezwa Tanzania", kilichotengenezwa Tanzania ni saa tatu na nusu za mgongo wangu.

Hapo ndipo hasira za kundi letu zinaponipotea. Tunabishana ashone nani wakati kitambaa chenyewe hakuna anayekiuliza. Itazame nembo ya taifa: chini ya miguu ya mwanamke umechorwa mpamba, chini ya miguu ya mwanamume mkarafuu. Mpamba! Waliochora walijua tunalima nini. Na pamba tunalima bado, Simiyu na Shinyanga na kwingineko Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa yake inapanda meli ikiwa marobota, haijawa hata uzi. Nchi hii iliwahi kuwa na msururu wa viwanda vya nguo ambavyo wazazi wetu waliviita kwa majina kama wanavyoita watoto: Urafiki, Mwatex, Mutex, Kiltex, Sunguratex, Polytex, na huku kwetu Mbeyatex. Katika ngao ya nembo hiyo hiyo pana jembe na shoka. Majembe Mbeya tuliwahi kuyafua wenyewe, Zana za Kilimo, ZZK. Siku hizi kijana ukimwambia ZZK anadhani ni msanii.

Watu hupenda kumtafuta aliyechora nembo. Mwaka 2017 nchi nzima ilimhurumia Mzee Francis Kanyasu, Ngosha, aliyekuwa akisema ni yeye aliyeichora, akiishi katika umaskini Buguruni hadi alipougua na kufariki, na wengine wakabishana kwamba mchoraji ni mwingine. Ubishi wa haki kabisa. Ila sijawahi kusikia tukibishana kwa jazba hiyo hiyo kuhusu ule mpamba ulikokwenda.

Msinielewe vibaya, siko upande wa wanaosema kila cha nje ni najisi. Nimesoma sekondari Iringa, na kidato cha pili walitupeleka Kalenga kwa lori la shule, tumesimama wote kama mbuzi wa mnadani, kuona fuvu la Mtwa Mkwawa. Limekaa kwenye kioo. Wajerumani walilichukua baada ya yeye kujipiga risasi mwaka 1898 ili wasimshike hai. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa kumaliza vita kuu, katika kifungu chake cha 246 uliitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miongo. Mwishowe gavana wa Kiingereza, Edward Twining, ndiye aliyelifuata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na huko hakukuta fuvu moja, alikuta mkusanyiko wa mafuvu. Wakapima. Wakachagua lililokaribiana na vipimo vya watu wa ukoo wake, lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge.

Mwenzetu mmoja, ambaye darasani alikuwa hafungui mdomo, aliuliza: "Wanajuaje ni la kwake?" Mwongozaji akatuonyesha tundu, akataja vipimo, akaendelea na bunduki. Lakini palikuwa na bibi mmoja mfagiaji pale nje ambaye alilisikia swali. Akasema, kwa Kiswahili chenye Kihehe ndani yake, "Limekuja hapa, limeliliwa hapa, linalindwa hapa." Akaendelea kufagia.

Nimekuwa nikilitafuna jibu lile tangu mzee aniletee wagonjwa wake. Fuvu lilichaguliwa Bremen, na Mzungu, kwa futi kamba kama yangu, na ukiwaambia Wahehe si lao jiandae kukimbia. Wimbo wa taifa nao: tuni alitunga mwalimu wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Ukisimama Tunduma siku ya sherehe, Nakonde ng'ambo ya barabara wanaimba tuni ile ile kwa maneno yao ya Zambia. Hakuna anayeomba irudishwe kiwandani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa na Watanzania na Wazambia pamoja na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, na ukimwambia mzee yeyote wa Mbeya kwamba ile ni reli ya China atakuuliza ulikuwa wapi sisi tukichimba mahandaki. Noti zetu za kwanza za mwaka 1966 zilichapwa Uingereza na Thomas De La Rue, na zilinunua chumvi vizuri tu.

Kwa hiyo kinachonisumbua si pasipoti ya bendera. Kinachonisumbua ni ile karatasi ya mapokezi. Vitu vyote hivyo nilivyovitaja vilipofika vilikuta mtu wa kuvipokea kwa macho: waliolisubiri fuvu miaka 56, waliouvika wimbo Kiswahili, waliobeba mataruma. Zile bendera nane zilikuta kalamu. Na kitu kikishonwa mbali, hata macho yakiona kosa hayana pa kulipeleka. Mzee angempigia nani, kilebo? Alikuja kwangu kwa sababu anajua ninapokaa, anajua nikiharibu atarudi, na mke wake anajuana na mama yangu. Bendera ishonwe mahali ambapo mvuta kamba anaweza kwenda kwa miguu kugombana na fundi. Hiyo kwangu ndiyo hoja ya kushona nyumbani, na ni nzito kuliko uzalendo wote uliomwagwa kwenye lile kundi.

Najua kuna utaratibu. Bendera za serikali, nembo na picha ya Rais ni kazi ya Ofisi ya Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 haikuandikwa ili kila kibanda kijishonee. Naikubali sababu yake: tukiachiwa wote, kufikia Krismasi kutakuwa na bluu kumi na moja. Lakini utaratibu huo haukuzizuia zile nane kufika barabarani kwetu. Anayezileta ni bei.

Na bei haishindwi kwa hotuba. India walijaribu kwa kanuni. Kwa miaka mingi bendera yao ilitakiwa iwe ya kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono, khadi, kwa heshima ya mapambano ya Gandhi, na mji wa Hubballi huko Karnataka ukawa na chama cha wafumaji kinachoshona bendera rasmi na kuzikagua hatua kwa hatua, mtu akikosea uzi inakataliwa. Desemba 2021 kanuni ikalegezwa: polista ruksa, mashine ruksa. Mwaka uliofuata, uhuru wao ukitimiza miaka 75, kila nyumba ikahimizwa kutundika bendera, na hapo ungetarajia Hubballi wacheze ngoma. Waliandamana. Bendera zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote, na soko likawa la polista.

Nawaelewa wote wawili, serikali iliyotaka kila maskini awe na bendera, na mama aliyesokota. Ningekuwa waziri, nisingeanza na bendera. Ningeanza na shuka za hospitali, sare za mgambo, mapazia ya ofisi, vitu vinavyokula mita kwa maelfu na havina haja ya kupepea. Kiwanda kikishiba kwa shuka, kijani sahihi cha bendera ni jora moja kati ya mengi. Kuanza na bendera ni kuanza na kilemba wakati suruali imetoboka. Lakini si waziri, na mzee alitaka bendera zake.

Alizifuata Alhamisi. Akazikagua zote nane dirishani, moja baada ya nyingine, hakuniamini hata kidogo, na nikafurahi kwamba hakuniamini. Kisha akaiona ile niliyoishona mwenyewe. Akaigusa mshazari kwa kidole gumba, akaigeuza nyuma, akaivuta kingo.

"Hii itakaa hadi Nane Nane ya mwakani," alisema. "Bei?"

Nikamtajia. Akapiga mluzi wake wa jioni, mfupi. Lakini aliipeleka ofisini wakaione, na kesho yake afisa ugavi mwenyewe akanipigia. Kijana mwenye adabu. Aliniita mama, akasifu kazi, akaniuliza kama naweza kushusha. Nikashusha hadi 24,000, chini ya hapo nakula mtaji. Akasema atawasilisha juu.

Jumatatu ikaja meseji. Wameishukuru sana sampuli yangu. Kwa kuwa bajeti imebana, wataagiza nyingine kumi kwa muuzaji yule yule, ila zikifika zitapitia kwanza kwangu. Je, mapindo ya kamba nitabadilisha kwa bei ile ile ya zamani?

Nilimjibu ndiyo, alete. Zile elfu kumi na sita za mwanzo nazo bado nazisubiri Ijumaa.